Vidole vya Karani wa Stoo

Juzi kwenye matanga huko Munyaka, jamaa mmoja aliyeketi mbele yangu alisema Karani wetu wa stoo aliachishwa kazi kwa sababu kompyuta ilimshinda. Niliweka kikombe chini. Nikamuuliza, "Wewe ulikuwa huko?" Akasema aliskia tu. Nikamwambia mtu aliyeskia tu anyamaze, kwa sababu mimi nilikuwa huko, nimesimama hatua tatu kutoka kwa hiyo kompyuta. Watu wakaniangalia kama mzee aliyelewa, na mimi pombe niliacha tangu niokoke.

Kompyuta haikumshinda. Alinyimwa kitu kidogo sana, akanyimwa makusudi.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Namba nilizishika vizuri, herufi nikazishika moja moja kama mtu anayechagua maharagwe. Ndiyo maana kazi yangu ilikuwa mizani. Lori likiingia na mahindi, mimi nasoma uzito, napiga kelele, Karani anaandika kwa kompyuta. Kati yetu kulikuwa na ubao tu. Miaka kumi na moja nimesikia vidole vyake nyuma ya huo ubao. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sikumuuliza, na yeye hakuniuliza wangu. Aliniita Mzee, nami nikamwita Karani, hata tukikutana sokoni.

Hakuwa mrefu. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na asubuhi za Julai anaongeza ya tatu. Shingoni alining'iniza fleshi ya kompyuta kwa kamba ya kiatu. Wakulima walidhani ni kitu cha kanisa. Ndani ya hiyo fleshi kulikuwa na faili moja tu, na hiyo faili ndiyo habari yenyewe, kwa hivyo mnivumilie nieleze jinsi alivyonieleza.

Kompyuta yake haikuwa na picha kama zile za benki. Ilikuwa nyeusi tupu, na maandishi meupe makubwa kama ya bango la barabarani. Ile mausi ya kusukumasukuma aliifungia kwenye droo. Kila kitu alifanya kwa vifungo. Alisema pale kwenye weusi kuna kitu kinakaa kinasikiliza unachoandika na kupeleka ujumbe ndani, na Kiingereza wanakiita shell. Yeye alikiita ganda.

"Kama ganda la yai?" nikamuuliza.

"Hata la yai ni heri, Mzee. La yai ni moja dunia nzima. Hizi kila mtu ametaga lake."

Hapo ndipo hasira yake ilipoanzia, na ilikuwa hasira kubwa kwa mwanamke mfupi. Kampuni ilikuwa na mashine tatu. Ya mizani hapa Eldoret ilikuwa ya Linux. Ya ofisi ya Meneja ilikuwa Windows. Ya tawi la Moi's Bridge, ambako Karani alienda kila Alhamisi, ilikuwa Mac nzee ambayo ndugu ya Meneja aliirudisha kutoka ng'ambo. Kazi ilikuwa moja, mahindi yaleyale, lakini ukibonyeza kitu kilekile kwenye hizo mashine unapata majibu matatu. Kwa yetu, Control na C inakata kazi inayoendelea. Kwa ya Meneja, ni kunakili. Huko Moi's Bridge kuna kifungo kingine kabisa kinachodai hiyo kazi ya kunakili, kimekaa pale kidole gumba kilipozoea kitu kingine. Alipobonyeza kifungo cha kufuta, ganda moja lilifuta, lingine likaandika kanyoka. Ka-nyoka kweli, hivi, ~. Nilikaona kwa macho yangu.

"Sasa mtu amesema futa," aliniambia, "na mashine inamchorea nyoka. Ni nani alikaa akafikiri hiyo ni sawa?"

Nilikuwa na lori la tani saba mlangoni.

Alinifundisha kwamba kifungo hakiendi moja kwa moja. Kinapita kwa dirisha, dirisha linakipeleka kwa ganda, ganda ndilo linakipa programu, na yeyote kati ya hao anaweza kukila njiani. Hiyo niliielewa haraka, maana hata gunia kutoka shambani hupita mikono mitatu na hufika limepungua. Kwa hivyo hakupigana na mashine kama wale vijana wanaogonga kibodi kwa ngumi. Aliketi anabonyeza kifungo kimoja, anaangalia ganda limepokea alama gani, ananiambia niandike kwa daftari. Kifungo hiki, Eldoret, alama hii. Kifungo hichohicho, Moi's Bridge, alama ile. Tulijaza kurasa nyingi. Halafu akaandika ile faili, na ndani yake akaambia kila ganda kwa lugha yake: mkisikia hivi, fanyeni hivi, nyote. Control na A, rudi mwanzo wa mstari. Control na E, enda mwisho. Control na W, futa neno la mwisho. Control na R aliipenda kuliko zote. Alisema ni kama kumuuliza mzee wa boma, jana tulisemaje? Ganda linamrudishia maneno yake ya jana.

Msemo wake ulikuwa huu: "Mashine ndiyo mgeni kwangu. Si mimi mgeni kwa mashine." Akifika mahali, jambo la kwanza ni kuchomeka fleshi na kuweka faili yake. Nusu saa. Baada ya hapo mashine imeshika adabu, na vidole vyake vinaenda kama mvua kwenye mabati.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali na mwenye majivuno. Yeye aliyetaka mashine zote duniani zifuate vidole vyake hangeweza kuvumilia mtu akisogeza kiti chake hata inchi. Siku moja mkulima mmoja alikikalia, akasimamishwa na mzigo wake ukaandikwa wa mwisho. Na alinifokea mimi mbele ya watu kwa sababu nilisema "kilo mia na kumi" nikimung'unya mandazi. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniletea mandazi yake mwenyewe, akaweka kwa mizani bila kusema kitu, nikapima nikamwandikia uzito kwa karatasi. Akacheka mpaka akajifuta macho.

Kuna siku Meneja alikuja kwa mashine yetu kuonyesha ujuzi. Meneja alikuwa mtu wa digrii na viatu vya ncha. Akaandika mistari miwili, halafu akabonyeza Control na S, kwa sababu huko kwake hiyo ni kuhifadhi. Ganda likaganda. Kila alichobonyeza, kimya. Akainama kushika waya wa stima aung'oe.

"Wacha," Karani akasema.

"Imekufa hii."

"Haijakufa, Bwana Meneja. Umeiambia inyamaze, imenyamaza." Akanyoosha mkono, akabonyeza Control na Q, na yote aliyokuwa ameandika yakatoka kwa mpigo, pamoja na matusi mawili aliyoandika akidhani hakuna anayesikia.

Wapakizi walicheka hadi nje. Meneja hakucheka. Mimi naona kuanzia siku hiyo alimwekea kitu moyoni, ingawa hilo siwezi kuapa kwa Biblia.

Na tukitaja Biblia. Huyu mama alichukia uwongo kama ugonjwa. Mpakizi akisema magunia themanini kumbe ni sabini na tisa, hamsalimii wiki nzima. Lakini yeye mwenyewe aliishi ndani ya uwongo mmoja mkubwa, na mimi niliuingia nikakaa naye humo.

Niliujua kwa sababu ya chai. Nilimwekea kikombe upande wa kushoto. Akanyoosha mkono kwa jambo lingine, akapita kwenye kikombe kama hakipo, chai ikamwagika kwenye sweta. Hakuruka. Alikaa tu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi umeona. Funga mlango."

Akanieleza. Ni presha ya macho, na daktari alimwambia kilichoenda hakirudi. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwa bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Herufi kubwa zikikaa katikati anazisoma. Kile kimshale cha mausi kinachokimbia huku na huku hawezi kukipata hata akikitafuta kutwa. Ndiyo sababu ya vifungo. Vidole vikishajua njia, macho hayahitajiki sana. Lakini njia ikihamishwa, basi. Kwa mtu mwingine, Control na W kuwa hivi hapa na vile pale ni usumbufu. Kwake ilikuwa ni kazi kuwepo au kutokuwepo, na ada ya binti yake chuoni juu yake.

"Wakijua watanitoa," alisema.

"Hawatajua."

Kanisani alisoma somo mara moja kwa mwezi, na hakuna aliyeshuku. Binti yake alimsomea Jumamosi mpaka akashika lote, halafu Jumapili anasimama, anafungua kitabu, na ikifika mahali pake anafunua ukurasa. Mimi nilienda siku moja kumsikiliza. Kitabu kilikuwa juu chini. Hakukosea neno.

Sasa nifike kwa kosa langu. Nimezunguka kwa sababu silipendi.

Karani alikuwa ameenda mazishi ya shangazi yake siku mbili. Kibodi ya mizani ilikuwa imejaa vumbi la mahindi, vifungo vinashuka bila kupanda, na alikuwa amelalamika. Nikasema nimfanyie wema. Nikachukua mpini wa kijiko, nikang'oa vifungo vyote vya herufi, nikaviosha kwa beseni na sabuni ya unga, nikavianika juani juu ya gunia. Vilikauka vizuri, vinang'aa. Wakati wa kurudisha nikakwama. Kumbukumbu haikunionyesha vilikaaje, ila nilikumbuka vilikuwa vimelala ovyo, Q karibu na W, P huko mwisho. Nikafikiri labda vilirudishwa vibaya na fundi wa zamani. Nikakumbuka mwalimu wangu wa darasa la tatu na fimbo yake. Nikavipanga sawasawa. A, B, C, D, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka Z.

Mnacheka. Chekeni. Hata mimi ningecheka kama ingeishia hapo.

Karani alirudi, akaketi, akaweka vidole. Nilisikia vidole vikipapasa kidogo. Halafu mvua kwenye mabati, kama siku zote. Lori baada ya lori, hakuna kosa. Nikajua nimefanya vizuri. Siku mbili nilitembea kifua mbele.

Siku ya tatu Meneja alikuja kutumia mashine ya mizani. Yeye anaandika kwa kuangalia vifungo, kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Akibonyeza palipoandikwa A, mashine inapokea Q, kwa hivyo neno lake la siri likakataa mara tatu, akafungiwa nje. Mimi nilikuwa uani na lori. Nilimwona kupitia dirisha, maneno sikusikia. Niliona akiinama kwa kibodi, anaelekeza kidole, anamuuliza Karani kitu. Karani akajibu. Meneja akasogea pole pole mpaka pembeni mwa bega lake, akainua vidole vitatu hewani.

Karani alikuwa anaangalia mbele, anatabasamu kidogo kwa heshima, anangoja aendelee kuongea. Meneja akaongeza kidole cha nne. Akavitikisa. Mtu mzima na digrii, anatikisa vidole karibu na sikio la mwanamke aliyemwandikia mahindi miaka kumi na moja bila kosa. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya lori. Natamani ningeiachilia.

Kesho yake Karani akaitwa ofisini, na mimi nikaitwa nikasome uzito kutoka kwa karatasi. Meneja alisema hataki kumwonea mtu. Anampa nafasi. Ataandika mzigo wa asubuhi kwa mashine ya ofisini, ile ya Windows, yeye akiangalia. Akiweza, abaki.

Karani akatoa fleshi shingoni. "Sawa. Nipe nusu saa niweke faili yangu."

"Hakuna kuweka kitu. Hiyo fleshi itatuletea virusi."

"Imekaa kwa mashine zako mbili miaka yote hii, imeleta virusi gani?"

"Mama, kompyuta ni ya kampuni. Ni wewe utaizoea. Haitakuzoea wewe."

"Nusu saa, Bwana Meneja. Nyinyi mtakunywa chai, mimi nitakuwa nimemaliza."

"Wakulima wanangoja."

Wakulima walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanakula miwa. Hakuna aliyekuwa anakimbizwa. Nilitaka kusema hivyo, nikameza. Hilo nalo nalisema, ili msinione shujaa.

Akaketi. Nikaanza kusoma, polepole. Akaandika wa kwanza, wa pili, wa kumi. Vidole vilikuwa vinatafuta njia, navisikia vinasita, lakini vinapata. Meneja alianza kuangalia simu yake. Ishirini. Ishirini na tano. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kwa mzigo wa ishirini na nane akakosea jina la mkulima, na kidole chake kikafanya kile kimefanya mara elfu, Control na W, futa neno la mwisho. Lakini kwa mashine ya Meneja ile orodha ya mizigo ilikuwa imefunguliwa ndani ya dirisha la intaneti, na huko Control na W maana yake ni funga. Dirisha likafungwa. Mizigo yote ishirini na saba ikaenda nalo.

Yeye hakuona; herufi za hiyo mashine zilikuwa ndogo. Aliendelea kuandika, jina la mkulima, uzito, jina, uzito, kwa kioo kisicho na kitu. Meneja alimwacha aandike. Alimwacha makusudi, ananiangalia mimi. Nilisoma mistari miwili zaidi kabla ya sauti yangu kukatika.

"Mbona umenyamaza, Mzee?" Karani akaniuliza.

Ijumaa walimpa keki na blanketi, Meneja akatoa hotuba kuhusu teknolojia. Ndiyo hiyo watu wanaiita kushindwa na kompyuta.

Nilikaa miaka sita bila kumwona. Si mbali, Yamumbi anakokaa si safari ya kufungasha chakula, lakini miguu ilikuwa na aibu. Mwaka jana nikaenda. Nilimkuta sebuleni, sweta mbili, na kompyuta ndogo magotini iliyokuwa inamsomea maandishi kwa sauti, mbio mbio kama mnadi wa ng'ombe. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Aliitambua hodi yangu kabla sijasema jina.

"Sasa hii nayo," akasema, kama tuliachana jana, "nikibonyeza Control inanyamaza. Control, Mzee. Vifungo vyote walivyonavyo, wakachukua changu. Niko mwezi wa pili navihamisha kimoja kimoja."

Binti yake alimaliza chuo, anafundisha shule huko Turbo, ndiye aliyemnunulia. Kuna duka la mbegu mjini limesema likimwona anaweza, litampa kazi ya kuandika oda, anaifanya akiwa nyumbani. Ndiyo sababu ya haraka.

Nilikunywa chai nusu kikombe. Halafu nikasema, "Karani, vile vifungo ni mimi niliyevipanga. A, B, C. Nilitaka kuvisafisha."

Akabonyeza Control, mashine ikanyamaza.

"Nilijua asubuhi ileile. F na J zina kipele kidogo, ndicho vidole hushika kujua viko wapi. Nilipoweka mikono, vipele vilikuwa vimehama. Nikapapasa kingine, kingine. Nikajua huyu ni Mzee na darasa lake la tatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungelia. Nilikuwa nangoja Jumamosi binti aje avirudishe. Kidole hakisomi kifungo, mimi hainisumbui."

"Na Meneja alipouliza?"

"Aliuliza nani amefanya huu upuzi. Nikasema ni mimi, nilikuwa nasafisha." Alitafuta kikombe chake, akakipata. "Akasema, karani anayeona hawezi kukaa akaandika kwa kibodi iliyopangwa hivi. Hapo ndipo alianza kunichezea vidole. Nilihisi upepo wake sikioni."

Nilimwambia angesema tu ukweli, mimi ningefukuzwa, ni mzee wa mizani tu, wako wengi. Akanikata.

"Usianze kunilia hapa. Ulikuwa na wawili sekondari. Na macho yangu yalikuwa yanaisha, na wewe ama bila wewe. Hiyo haijawahi kuninyima usingizi hata siku moja." Sauti yake ikapanda, ile sauti ya zamani iliyokuwa inafokea nyoka kwenye kioo. "Kinachonichoma ni ile nusu saa. Wewe ulikuwa kwa mizani. Mkulima akileta mahindi yenye unyevu, tulikuwa tunafanya nini?"

"Tunayaanika."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Nne kama kuna mawingu."

"Mahindi, Mzee," akasema. "Mahindi tuliyapa siku nne."